Damu ya Mtoto Yatoka kwa Nani?

Juma hili twajibu swali lililotufikia kutoka Zongwe, katika nchi ya Kalemie. Aliyeuliza ni baba wa watoto watatu. Mtoto wake wa pili, msichana wa miaka minne, huugua mara kwa mara. Macho yake huwa ya manjano; mikono na miguu yake ilivimba alipokuwa bado ananyonya; tena kuna siku hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Mara mbili ameongezewa damu. Muuguzi amesema ni ugonjwa wa SS. Lakini shangazi zake huyo baba wamekwisha kata shauri lao: mkewe alikuja na damu mbaya, kwa hiyo arudishwe kwao, na mahari yadaiwe. Baba anatuuliza kwa maneno machache: Je, damu ya mama yaweza kuwa mbaya, ya baba ikawa njema, naye mtoto akaugua hivi?

Jawabu twalijua, nalo tutalitoa. Ila halitamgeuza shangazi hata mmoja kama hajui kwanza damu ni kitu gani. Maana kwetu neno hili lina mzigo mkubwa: twasema "huyu ni damu yangu" na kumbe hatufikirii damu hata kidogo, twafikiri ukoo. Basi twawaomba mvumilie kidogo, tuitazame damu yenyewe.

Mtu akichomwa sindano kidoleni hutoka tone ambalo kwa macho ni maji mekundu tu. Sivyo. Damu ikitiwa katika kichupa pamoja na dawa ya kuizuia isigande, kisha ikaachwa itulie, baada ya saa kadhaa hujitenga yenyewe: juu pana maji ya manjano, chini yametuama mashapo mekundu. Wekundu wote umo katika mashapo hayo, nayo ni chembe. Mholanzi mmoja, Antoni van Leeuwenhoek, mfanya biashara ya nguo wa mji wa Delft aliyejitengenezea vioo vya kukuzia kwa mikono yake, alizieleza chembe hizi mwaka 1674. Ni ndogo mno. Upana wa chembe moja ni sehemu 7 au 8 za milimita iliyogawanywa mara elfu. Katika milimita moja ya ujazo, ambayo ni tone dogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti, mtu mzima mwenye afya anazo karibu milioni 5. Wanawake huwa nazo pungufu kidogo kuliko wanaume.

Chembe nyekundu si duara kama chungwa. Ni bapa, tena imebonyea katikati pande zote mbili, mfano wa andazi lililofinywa kwa kidole juu na chini kabla ya kutiwa katika mafuta. Umbo hilo lina faida mbili. Ya kwanza ni kwamba kitu bapa kilichobonyea kina ngozi nyingi kuliko mpira wenye ujazo ule ule, na kwa kuwa hewa huingia na kutoka kwa njia ya ngozi, mlango huwa mpana na safari ya ndani huwa fupi. Ya pili twataka msomaji aishike mpaka mwisho. Chembe hii ni laini, nayo yaweza kujikunja. Vimishipa vya mwisho kabisa, vile vinavyopita ndani ya nyama na mifupa, vingine ni vyembamba kuliko chembe yenyewe. Hapo chembe hupita moja moja, imejikunja, kama watu wanaoinama kwenye mlango mfupi wa nyumba. Kisha hujinyosha upande wa pili ikawa kama ilivyokuwa.

Karibu kila chembe ya mwili ina kiini, ndimo mlimo na maagizo ya kazi zake zote. Chembe nyekundu ya mwanadamu hukitupa kiini chake kabla ya kuingia katika damu, ili nafasi yote iwe ya mzigo, kama mvuvi anavyoacha pwani kila kisichohitajiwa ili mtumbwi upate kubeba samaki. (Kuku hafanyi hivyo. Ukitazama damu ya kuku kwa hadubini utakiona kiini katika kila chembe nyekundu, na sisi walimu twapenda kuwaonyesha wanafunzi jambo hilo.) Lakini nafasi hiyo hununuliwa kwa bei kubwa. Chembe isiyo na kiini haiwezi kujitengeneza ikichakaa, wala kuzaa nyingine. Huishi siku 120 hivi, ikafa.

Na mzigo wenyewe ni nini? Ni hemoglobini, kitu chekundu kinachojaza chembe tele: katika chembe moja hemoglobini zimo karibu milioni 270. Kila hemoglobini imefanywa kwa nyuzi nne za protini zilizoviringana, na kila uzi umeshika punje moja ya madini ya chuma. Chuma hicho ndicho kinachonasa oksijeni katika mapafu na kuiachia inapohitajiwa, katika ubongo, katika moyo, katika misuli ya mtu anayelima au kuvuta wavu. Zinaporudi, chembe husaidia kuondoa hewa ya kaboni ambayo mwili hauitaki: sehemu huibeba zenyewe, na sehemu kubwa zaidi huigeuza ili iyeyuke katika maji ya damu mpaka mapafuni. Damu iliyobeba oksijeni hung'aa. Iliyoishusha huwa nyeusi kidogo.

Hapa tuseme neno juu ya desturi moja tunayoiona katika nyumba nyingi. Mtoto akipungukiwa damu, hununuliwa vinywaji vyekundu vya chupa, kana kwamba rangi ya kinywaji itageuka kuwa rangi ya damu. Rangi haina kazi hapo. Kinachotakiwa ni chuma. Nacho kimo katika maini, katika nyama, katika samaki, pamoja na dagaa wa ziwa letu. Kimo pia katika maharage na mboga za majani kama lengalenga, ila mwili hukipata kwa shida zaidi kutoka kwenye mimea, na limau au chungwa likiliwa pamoja husaidia. Chai pamoja na chakula huzuia. Tena hata chakula chema hakitoshi kama malaria inapasua chembe kila siku ya tatu, au kama minyoo ya safura inanyonya damu tumboni. Lakini mtoto wa Zongwe hana upungufu wa namna hii. Kwake, hata chuma kikiwapo, chembe hazidumu.

Kiwanda cha chembe nyekundu ni uboho, ulio ndani ya mifupa. Katika mtu mzima hutengenezwa chembe zipatazo milioni 2 kila sekunde, usiku na mchana. Zile kuukuu hunaswa katika bandama na katika ini. Bandama lina matundu membamba sana, na chembe isiyoweza tena kujikunja haipiti. Chuma chake huhifadhiwa kitumike tena. Mabaki mengine hugeuka kuwa rangi ya manjano inayotoka mwilini pamoja na nyongo. Kwa sababu hiyo, chembe zikivunjika nyingi mno kwa wakati mmoja, rangi hiyo huzidi, na macho yakawa ya manjano. Akina mama wengi wakiyaona macho hayo hudhani ini limeharibika, kumbe ni chembe zinazokufa mapema.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago, Marekani, alichapisha habari za kijana mwanafunzi aliyetoka kisiwa cha Grenada. Katika damu yake alikuwa ameona chembe nyekundu ndefu, zilizopinda, zenye ncha, mfano wa mundu. Madaktari wetu huuita ugonjwa huo drepanositozi, kwa kuwa katika Kigiriki cha kale "drepanon" ni mundu. Watanzania husema selimundu au sikoseli. Na huku kwetu husemwa SS, kwa herufi zinazoandikwa kwenye karatasi ya kipimo. Haukuzaliwa Chicago, wala Grenada. Watu wengi wa kisiwa kile ni wajukuu wa Waafrika waliochukuliwa utumwani, nao walivuka bahari na damu ya kwao.

Ilichukua miaka karibu hamsini kuijua sababu. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walionyesha kwamba kosa limo katika hemoglobini yenyewe. Kati ya mwaka 1956 na 1957 Vernon Ingram, akifanya kazi Cambridge, Uingereza, alipata mahali penyewe. Uzi mmoja wa hemoglobini una viungo 146 vilivyofuatana kama shanga katika kamba. Shanga ya sita ndiyo iliyobadilishwa. Nyingine zote ziko sawa. Shanga moja tu katika 146!

Na kosa dogo hilo lafanya nini? Hemoglobini ya namna hii ikiwa imebeba oksijeni hutenda kazi yake vizuri. Ikiishusha, ndipo hemoglobini hushikamana zenyewe kwa zenyewe na kuwa vijiti virefu vigumu ndani ya chembe. Vijiti huisukuma ngozi kutoka ndani, na lile andazi laini likawa mundu. Mundu haujikunji. Chembe ikifika kwenye kimishipa chembamba hukwama, nyingine zikarundikana nyuma yake kama magogo mtoni, na sehemu ya mwili iliyo mbele ikakosa hewa. Maumivu yale ya mifupa ni ya nyama na mfupa unaokosa oksijeni. Si deko la mtoto, wala si uvivu. Kwa watoto wachanga hukamata kwanza mikono na miguu, ikavimba. Tena chembe za mundu, badala ya siku 120, huishi siku 10 mpaka 20 hivi, na uboho hauwezi kufidia hasara hiyo yote. Hapo ndipo damu hupungua na macho huwa ya manjano.

Sasa jawabu. Kila mtu ana maagizo mawili ya kutengeneza uzi ule wa hemoglobini: moja alilipewa na baba, moja na mama. Agizo zima huandikwa A, lenye kosa huandikwa S. Mwenye AA hana neno. Mwenye AS ana chembe zinazofanya kazi vema. Hulima, huvua, huzaa, huzeeka, na mara nyingi hufa bila kujua kwamba alikuwa na S. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Basi, ili mtoto awe SS, sharti apate S mbili, na hawezi kupewa zote mbili na mama. Moja ilitoka kwa mama, moja ilitoka kwa baba. Yapo magonjwa ya jamii hii ambamo S hukutana na kosa la namna nyingine, lakini hata huko kila mzazi ametoa lake.

Kwa hiyo, bwana wa Zongwe, hapana. Kama mtoto wako ni SS, S unayo wewe pia, nawe uliipata kwa mmoja wa wazazi wako, ambaye ni ndugu au wifi wa hao shangazi. Huenda yule anayenena kwa sauti kubwa zaidi barazani anayo yeye mwenyewe. Na ukimrudisha mkeo kwao, S yako itabaki nawe. Vipimo vilivyofanywa Kongo vimeonyesha kwamba karibu mtu mmoja katika watano au sita ni AS, na mahali pengine wamezidi hapo. Mke wa pili aweza kuwa mmoja wao.

Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina bahati moja katika nne ya kuleta mtoto wa SS, mbili katika nne za AS, na moja ya AA. Twasema kila mimba. Watu wengine hudhani kwamba akizaliwa mgonjwa mmoja, watatu wanaofuata watakuwa wazima, kana kwamba deni limelipwa. Ni sawa na mtu anayefumba macho akatoa punje moja katika kikapu cha baba na moja katika kikapu cha mama, kisha akazirudisha: mara ya pili vikapu havikumbuki alichotoa mara ya kwanza. Kwa hiyo jamaa moja huweza kuwa na wagonjwa watatu mfululizo, na jirani yenye damu ile ile isiwe naye hata mmoja. Hapo ndipo watu huanza kutafuta mchawi, na twajua jinsi neno hilo linavyoweza kumwangukia bibi kizee, au mtoto mwenyewe anayeugua. Hakuna wa kutafutwa.

Lakini kwa nini S imeenea hivi kwetu? Hili huwashangaza watu. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kupima damu huko mwaka 1949, akaona kwamba AS ni wengi pwani na karibu na ziwa Viktoria, ila ni wachache katika nyanda za juu zenye baridi. Mahali penye mbu wengi wa malaria, ndipo penye S nyingi. Mwaka 1954 alichapisha hoja yake: mtu wa AS hukingwa na malaria kali. Mdudu wa malaria huingia ndani ya chembe nyekundu na kula hemoglobini yake. Katika chembe ya AS hastawi vizuri. Uchunguzi wa miaka ya baadaye uliithibitisha hoja hiyo. Kumbe kwa vizazi vingi S moja iliwaokoa watoto wasife na homa, nao wakaishi wakaizaa. Zikikutana mbili, kinga hiyo haimfai mtoto: malaria kwake ni hatari kubwa kuliko kwa mwingine, maana huvunja chembe ambazo tayari ni haba.

Ukubwa wa jambo hili ni huu. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2013 yalisema kwamba mwaka 2010 walizaliwa Kongo watoto wa SS karibu 40,000, na ni Nigeria na India tu zilizoizidi nchi yetu. Wengi hufa kabla ya miaka mitano, na vyeti vyao husema malaria, au nimonia, au upungufu wa damu.

Hata hivyo si kweli kwamba hakuna la kufanya. Mtoto apimwe mapema, hata akiwa mchanga. Miezi ya kwanza huonekana mzima, kwa sababu bado ana hemoglobini ya tumboni ambayo haina ile shanga mbaya. Dalili huanza hiyo inapopungua, karibu na mwezi wa sita. Alale ndani ya chandarua kila usiku. Apate chanjo zote. Apewe penisilini kila siku mpaka afike miaka mitano, kwa kuwa bandama lake huharibika upesi, nalo ndilo linalolinda dhidi ya vijidudu vya nimonia. Anywe maji mengi, asipigwe na baridi, asichokeshwe kwa kazi. Damu aongezewe daktari anapoona lazima, nayo iwe imepimwa.

Tena iko dawa iitwayo hidroksiyurea, ambayo huiamsha upya ile hemoglobini ya tumboni. Watu wengine walidhani haiwezi kutumika salama katika nchi zenye malaria. Ikajaribiwa kwa watoto 606 katika miji minne: Luanda ya Angola, Kilifi ya Kenya, Mbale ya Uganda, na Kinshasa, kwenye hospitali ya Monkole, kwa uongozi wa daktari Léon Tshilolo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua, na vifo vilipungua. Hutolewa na daktari, na damu hupimwa mara kwa mara. Anayetaka aulize hospitalini kama yapatikana na bei yake, asiinunue sokoni. Ipo na tiba mpya ya kurekebisha maagizo ya mwili yenyewe, iliyokubaliwa Uingereza na Marekani mwaka 2023. Gharama yake kwa mtu mmoja ingejenga zahanati nyingi, hivyo hatutaizungumza zaidi.

Vijana wanaotaka kuoana nao wapimwe, kabla ya mahari kutolewa, si baada. Na matokeo ni siri yao, si ya kijiji.

Limebaki jambo moja ambalo mama aweza kulifanya kwa mkono wake, bila dawa na bila fedha. Katika watoto wadogo wa SS, mara nyingine bandama hunasa damu nyingi ghafla, likavimba, na mtoto akaweza kufa kwa muda wa saa chache. Huko Jamaika akina mama walifundishwa kulipapasa bandama nyumbani, na vifo vya namna hiyo vilipungua sana. Mlaze mtoto chali, magoti yamekunjwa. Weka vidole upande wa kushoto wa tumbo, chini ya mbavu, ubonyeze polepole, ujue ukubwa wake siku mtoto akiwa mzima. Muuguzi atakuonyesha mara ya kwanza. Siku utakapolikuta limekua na kuwa gumu, na viganja na midomo ya mtoto imekuwa myeupe, mpeleke hospitali saa ile ile. Mpeleke vivyo hivyo akiwa na homa kali, au akihema kwa shida, au mkono na mguu wa upande mmoja ukilegea. Usingoje kuche, wala usingoje baba arudi ziwani.